Waheshimiwa Waliojibu "Nipo"

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Upande wa pili wa ukuta wa kukunja, ule unaougawa ukumbi wa karamu mara mbili, sauti ya mwanamume ilikuwa ikiita majina ya wadi, na kila akiita moja mtu anajibu, "Nipo!" Sauti nene, sauti ya kukwaruza, sauti ya mwanamke aliyekuwa akitafuna kitu. "Nipo! Nipo!" Nilikuwa nimeshika kitambaa cha meza kwa pembe zake mbili, tayari kukitandaza, nikakiacha kining'inie mikononi. Hapa Dubai nimesikia Kiswahili cha kila namna, cha Mombasa, cha Unguja, cha Kampala, lakini hiyo "nipo" ilikuwa na lafudhi ya kwetu bara, ya watu waliojifunza Kiswahili wakiwa wameshaota meno yote. Na mojawapo ya wadi zilizoitwa ni ile niliyozaliwa.

Nikadhani ni shule iliyokuja ziara, na mwalimu anahakikisha hakuna aliyepotelea kwenye lile duka kubwa la jirani. Nikachungulia kwenye ufa. Wanafunzi wenyewe walikuwa na vipara, vitambi, na vitambulisho vimening'inia shingoni. Lilikuwa bunge la kaunti yetu. Si lote. Theluthi moja hivi. Na hiyo theluthi ndiyo iliyonivuruga kichwa, kwa hiyo naomba mnivumilie nikienda mbele na kurudi nyuma.

Baadhi yenu nimewasimulia kisa hiki vipande vipande, mnapokuja kunywa chai kwa binti yangu hapa Al Twar siku zenu za mapumziko. Leo nakiandika kizima kwa sababu wengi wenu mmeanza kazi za hoteli, na kuna ujuzi wa meza ndani yake. Sababu ya pili ni kwamba sijakielewa hadi leo. Mimi nilitoka Kenya wakati serikali ilikuwa ni mkuu wa wilaya na chifu wake. Hapakuwa na gavana wala mwakilishi wadi. Nyinyi mmekulia ndani ya kaunti. Mtanieleza.

Nianze na kiti.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nassor, Mzanzibari ambaye jamaa zake waliishi Dubai kabla sisi wa bara hatujajua iko wapi. Alikuwa mkuu wa karamu katika hoteli yetu ya Al Barsha, mwembamba kama kijiti cha meno, na hakuwahi kunipigia kelele. Wiki yangu ya kwanza nilipanga meza za harusi, nikaongeza kiti kimoja kwenye kila meza. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Hichi cha nani?"

"Cha akiba, Mzee."

"Akiba weka stoo, mwanangu. Kiti kitupu kina kelele kuliko bendi. Watu watakaa hapa, badala ya kula watauliza nani hajaja, na kwa nini hajaja, na kamkasirikia nani."

Akanionyesha jinsi ya kukifuta kiti machoni pa watu. Sikilizeni, maana huu ndio urithi wangu. Meza ya duara inachukua watu kumi. Mmoja asipokuja, toa kiti kabla hakujakaa mtu. Kisha usianze kusogeza viti; anza na sahani na glasi, kwa sababu mgeni anakaa anapoiona sahani. Kile kiti kinachotazamana na mlango kiache kama kilivyo. Vingine vyote visogeze kidogo kidogo kukifuata, kila kimoja upana wa kiganja, hadi pengo limezwe. Ukimaliza, rudi mlangoni uitazame meza kwa macho ya mtu mwenye njaa. Kama huoni kitu, hakuna atakayeona.

Nimefuta viti vya mashangazi waliogoma, vya wakurugenzi waliofukuzwa kazi asubuhi ile ile, na mara moja cha bwana harusi, ingawa huyo alirudi na ikabidi tumrudishie.

Sasa turudi kwa waheshimiwa. Madam wa mauzo, msichana wa Kilebanoni aliyekuwa akitembea huku akiandika kwenye simu, nilipomuuliza aliniambia tu kwamba ni semina ya bunge kutoka nchi yangu, kuhusu maji na mabwawa. "Serikali uwaweke upande mmoja, wapinzani upande mwingine. Ndivyo mabunge yanavyokaa. Haya, yalla."

Nikaona nifanye kazi ya kujivunia, maana ni watu wangu. Nikampigia simu kaka yangu nyumbani kumuuliza chama cha gavana kina watu wangapi bungeni na kile kingine kina wangapi. Akaniambia cha gavana ndicho kikubwa, kinakizidi kile kingine karibu mara mbili. Basi, nikapanga meza kwa hesabu hiyo. Kulia kwa mlango, meza nyingi zenye leso za buluu, chama cha gavana. Kushoto, chache zenye leso za dhahabu, wapinzani. Nikasimama mlangoni, nikatazama kwa macho ya mtu mwenye njaa, nikajipongeza.

Wakaingia. Kule kwenye leso za dhahabu wakajaa hadi wakaanza kukopa viti. Kwenye buluu wakakaa wanne. Bahari ya viti vitupu, na wale wanne katikati yake wakitazamana kama watu waliosahauliwa na basi.

Mtu mmoja akaguna, kisha mwingine akacheka kwa kuziba mdomo na leso.

Aliyekuwa akiita majina, kiranja wa chama cha walio wengi bungeni, akanijia. Alikuwa mmoja wa wale wanne. Mwanamume mpana, mwenye kutabasamu kwa upande mmoja.

"Mzee, nani amekutuma utuchore hivi?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Nimefuata vyama."

"Vyama!" Akaligeuza neno hilo mdomoni kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. "Wewe mwenyewe ni wa upande gani?"

"Upande wa jikoni, Mheshimiwa."

Akacheka, Mungu ni mwema. Nikaomba radhi, nikatoka, nikampigia kaka tena akanieleza kulikoni, kisha nikampigia Mzee Nassor, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na anamwagilia miti yake ya mikungu hapa hapa Al Twar.

"Kwani hao vyama vingapi?" akauliza.

"Viwili, Mzee."

"Wanagombana?"

"Hawa waliokuja wanapatana. Ugomvi wao ni na wale waliobaki nyumbani."

"Na waliobaki nyumbani ni chama gani?"

"Hivyo hivyo viwili."

Nikasikia maji yakimwagika kwenye ndoo.

"Na gavana wao yuko chama gani?"

"Cha buluu. Lakini buluu wengi wamebaki nyumbani wanataka kumwondoa. Wanaomtetea ni wapinzani wake."

"Subhanallah. Changanya rangi, mwanangu. Na vile viti vitoe kabla hawajapigiana picha."

Nikachanganya. Walipotoka chai ya saa nne na kurudi, kila meza ilikuwa na buluu na dhahabu, na hakukuwa na kiti hata kimoja kisicho na mtu. Nikawachemshia chai ya maziwa kwenye sufuria, majani ndani, tangawizi ndani, maana nililiona lile swali usoni mwao walipoletewa maji ya moto na kijifuko cha majani chenye uzi. Baada ya hapo nikawa mtu wao. Na hapo ndipo mambo yalipozidi kunichanganya, kwa sababu mbele ya mhudumu aliyekwisha kuwa mtu wao watu huongea kama vile yeye ni fenicha.

Nilichokiokota ni hiki. Walipokuwa angani kuja Dubai, wenzao nyumbani waliwasilisha hoja ya kumwondoa gavana. Ili ipite inataka theluthi mbili ya wajumbe wote, waliopo na wasiopo. Wale wa nyumbani, kwa kila walivyojihesabu, walikuwa wamepungukiwa na mmoja. Mmoja tu. Kwa hiyo hii semina yetu haikuhitaji kufanya lolote. Ilihitaji tu kuendelea. Kila "nipo" iliyosemwa ndani ya ukumbi wangu ilikuwa na maana ya kwamba kule nyumbani hayupo. Kiranja aliita majina asubuhi, mchana na jioni, na siku moja hata ndani ya basi.

Siku ya kwanza hiyo hiyo alikuja ofisini kwangu, kile chumba kidogo nyuma ya ukumbi, na mkoba wa ngozi.

"Mzee, wewe ni mtu wa nyumbani. Nifungie hizi kabatini. Zisipotee."

Zilikuwa pasipoti za wote. Nikazifungia pamoja na vijiko vya fedha vya harusi. Sikuuliza. Lakini nilipozungusha ule ufunguo, mkono wangu ulikumbuka kitu ambacho kichwa hakikutaka. Arbab wangu wa kwanza, yaani bosi niliyemtumikia kabla sijafika hoteli, aliiweka pasipoti yangu kwenye droo yake. Binti yangu alipozaliwa Kenya nilimwomba ruhusa, akanipa kwa moyo mweupe kabisa, kisha akasafiri na ufunguo wa droo mfukoni. Mtoto nilimwona mara ya kwanza akiwa tayari anatembea. Siku hizi sheria hairuhusu mwajiri kushika pasipoti ya mtu, na nyinyi msikubali. Ila sheria haikusema lolote kuhusu viranja.

Kati yao alikuwemo Mheshimiwa Nekesa, mwakilishi wa wadi yetu. Ndiye aliyejibu "nipo" huku akitafuna. Alikuwa akitafuna karanga alizotoka nazo nyumbani. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwalimu zamani, chama cha dhahabu. Nilimjua baba yake. Alipojua hilo akaacha kuniita "mhudumu", akaanza kuniita "Mzee Zakayo", na mimi nikabaki na "Mheshimiwa", kwa sababu cheo ni cheo hata kama ulimbeba baba yake kwenye baiskeli.

Yeye aliiamini ile semina. Wadi yetu ilichimbiwa bwawa likaachwa nusu, likawa dimbwi la ng'ombe, na alikuja akijua atajifunza kitu. Walipopelekwa Hatta kuona bwawa, mimi nikaenda nao kugawa vyakula vya pakiti. Mnaijua Hatta, milima ile ya rangi ya kutu na yale maji ya kijani katikati yake. Waheshimiwa wakavaa makoti ya kuelea wakaingia kwenye vimashua vya makasia, wakipiga picha na kuitana, "Kiongozi wa wachache, utazama na wachache wako!" Nekesa alibaki ukingoni na yule kijana Mwomani anayeongoza wageni, akimuuliza maji yanashuka kwa bomba la upana gani, na nani anayafungulia, na watu wa mashamba wanagawanaje. Kijana hakujua. Akamwitia mwingine.

Hapo simu ya Nekesa ikalia. Alisikiliza muda mrefu. Aliporudi kwenye kivuli cha basi nilikuwa nafungua maboksi ya vyakula.

"Mzee Zakayo, kumbe kuna hoja?"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Kila mtu amesikia isipokuwa mimi." Akakaa kwenye kreti la maji. "Mimi nilisimama uwanjani kwa kanisa, Jumapili, mbele ya wale mama wote, nikawaambia siku yoyote kukiwa na jambo kiti changu hakitakuwa kitupu. Sasa wamenipigia kuuliza mbona niko Dubai naogelea."

"Huogelei."

"Waambie wewe. Picha zimefika."

Alipomwomba kiranja pasipoti yake jioni ile, kiranja akatabasamu kwa upande mmoja. Akamwambia semina bado, vyeti havijatolewa, kisha akamwambia chama kitamnyang'anya uenyekiti wa kamati ya maji. Nekesa akamuuliza, chama kipi, changu au chako? Kiranja akasema, chama cha watu wanaoelewana. Nami nilikuwa nimesimama pale na trei ya sambusa, nikajaribu kukumbuka leso ya chama hicho ni rangi gani.

Asubuhi yake alikuja ofisini kwangu. Hakukaa.

"Msichana wa wadi yangu akifungiwa pasipoti na bosi huku, ananipigia mimi simu. Nimewasaidia wawili. Mimi sasa nimpigie nani?"

Nilimwambia anipe hadi kesho.

Usiku ule niliwapigia ndugu zangu, kwa sababu nilitaka kujua kama gavana ni mtu mwema, ili nijue nifanye jambo langu kwa upande gani. Kaka akaniambia, "Huyo ametuletea barabara, wanaompinga ni wezi." Dada yangu, anayeishi hatua chache kutoka kwa kaka na hupita barabara hiyo hiyo, akaniambia, "Barabara gani? Mwizi ni yeye." Nikawauliza wote wawili wanapiga kura chama gani. Chama kimoja. Nikazima simu nikatazama dari. Nilikuwa nimewahudumia wafalme wadogo na mabenki, nimepanga meza za familia mbili zilizokuwa mahakamani, na kila mara niliweza kujua nani akae mbali na nani. Hawa wa kwetu sikuweza. Kila nikishika ncha moja ya uzi, inatoka mkononi.

Kitu kimoja tu kilikuwa wazi, na kilikuwa kidogo. Pasipoti ina picha ya mwenyewe.

Mwisho wa hayo yote nawaambia sasa hivi, ili msisome mkiusubiri. Nekesa alifika, akakaa kitini, akasema ndiyo, hoja ikapita. Gavana akaondolewa. Jambo likapelekwa Seneti, na Seneti ikamrudisha. Kiranja akahamia kwa wale waliotaka kumwondoa, na waliotaka kumwondoa wakaingia serikalini kwa gavana, kwa hiyo sijui huyo kiranja alihamia wapi. Nekesa alinyang'anywa uenyekiti kweli. Uchaguzi ulipofika akasimama kwa leso ya buluu, akachaguliwa tena, na sasa nasikia dhahabu ndiyo serikali. Nimeona picha yao, wote pamoja, wale wa Dubai na wale wa nyumbani, wamekumbatiana wanacheka. Bwawa? Kaka anasema mabomba yamefika. Dada anasema yamefika, na ndani yake wanalala mijusi.

Kwa upande wangu, kiranja alinishtaki kwa madam wa mauzo. Madam alisikiliza akiwa anaandika kwenye simu, kisha akaniuliza, "Ilikuwa pasipoti ya nani?"

"Yake, madam."

"Khalas, yamekwisha," akasema, akaondoka.

Sasa, asubuhi yenyewe.

Nilifika mapema kupanga kifungua kinywa. Meza ya Nekesa ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni, watu kumi. Nikatoa kiti kimoja nikakipeleka stoo. Nikaanza na sahani na glasi. Kile kinachotazamana na mlango sikukigusa. Vingine nikavisogeza upana wa kiganja, kimoja baada ya kimoja, hadi pengo likamezwa. Nikarudi mlangoni nikatazama. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi katika maisha yangu, na siku hiyo ndiyo pekee niliyorudi mezani nikahesabu viti upya.

Waliingia wakiongea juu ya mpira. Kiranja alisimama katikati na kikombe chake cha chai ya sufuria, akazungusha macho, meza hadi meza. Macho yake yakapita kwenye ile ya tatu yasisimame.

"Mzee, wote wameshuka?"

"Hakuna kiti kitupu, Mheshimiwa."

Akanipiga bega, akaenda kwenye mayai.

Nekesa alikuwa ofisini kwangu, amekaa juu ya mfuko wa vitambaa vichafu, na mkoba wa mkononi tu. Sanduku aliliacha chumbani. Nikafungua kabati, nikatafuta kati ya zile pasipoti hadi nikaona uso wake, mdogo zaidi, wa kiualimu. Nikampa. Akaifungua kidogo, kama anayehakikisha ni yeye, akaifunga.

"Sanduku, Mzee?"

"Litakufuata."

Tukapita ujia mwembamba wa wafanyakazi, nyuma ya mashine za kuoshea vyombo, mvuke umejaa, vijana wa Kinepali wakatupisha bila kuuliza. Mlango wa nyuma wa hoteli ile ni wa chuma, una springi kali. Unatakiwa uushike, la sivyo unakupiga kisigino. Nikaushika. Nje jua lilikuwa jeupe na teksi ilikuwa inanguruma kando ya gari la dobi.

Nikamuuliza kile nilichokuwa nimejizuia kumuuliza.

"Mheshimiwa, ukifika utasema nini? Ndiyo au la?"

Alinitazama kama alivyomtazama yule kijana wa Hatta ambaye hakujua bomba lina upana gani.

"Kwanza nifike, Mzee Zakayo."

Nyuma yetu, kupitia mvuke na kelele za sahani, sauti ya kiranja ilikuwa imeanza kuita wadi. "Nipo!" mtu akajibu. "Nipo!" akajibu mwingine, mdomo umejaa. Wadi yetu huwa inaitwa katikati. Nekesa akasikia, akainua kidevu kidogo, kama mtu aliyezoea kuitika. Kisha akavuka kizingiti. Nikauachia mlango, ukajifunga nyuma yake.